Yai Lililofutwa Mkaa

Mwalimu Asnath alifundisha habari za sumaku kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kuishika sumaku kwa mkono wake. Aliichora ubaoni, akaandika ncha ya kaskazini na ncha ya kusini kwa chaki za rangi, watoto wakanakili, wakajibu mtihani, wakafaulu. Yeye mwenyewe aliijua kama mtu anavyomjua mkwe anayeishi Mwanza, yaani kwa kusimuliwa.

Mwaka huo wa kumi na mmoja, mtoto mmoja wa darasa la nne, msichana mwembamba aitwaye Peniel, alinyoosha mkono. "Mwalimu, wewe umewahi kuishika? Inavuta kwa nguvu kiasi gani?"

Mtoto hakuwa na ubaya wowote, alitaka kujua tu. Lakini darasa zima lilikuwa likisubiri jibu, Asnath akaona haya, akajibu upesi, "Nimeishika mara nyingi. Kaa chini." Peniel akakaa. Hakunyoosha mkono tena mpaka akamaliza la saba. Siku hizi ni mama wa watoto wanne, ana meza yake ya vitenge pale Kiomboi, na kila akimwona mwalimu wake anateremka kwenye basi humwamkia kwa kukunja goti. Shikamoo ile humchoma Asnath kuliko tusi.

Wiki ileile ya swali, Asnath alikwenda kwa Calist, fundi redio wa Misigiri, akamwomba spika iliyokufa. Calist akaipasua kwa bisibisi akamtolea duara jeusi, zito, dogo kama kitumbua. Kumbe ndiyo yenyewe. Asnath akarudi nayo nyumbani kwa miguu akiigusisha kwenye kila alichokikuta: msumari wa geti la watu, funguo, kijiko, jiwe, kifungo cha gauni. Alikuwa mama wa miaka thelathini na mitatu, anacheza njiani peke yake mchana kweupe. Waliompita kwa baiskeli siku ile lazima walipata la kusimulia huko walikokwenda.

Hapo ndipo ilipoanza ndoo. Ni ndoo ya rangi ya ukutani, ya lita ishirini, yenye mfuniko, na watoto wa shule yake, iliyo jirani na Kinampanda, huiita maabara. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi mwalimu huifungua, na wanaopenda huja, kwa kuwa hailazimishwi. Ndani yake mna ile sumaku, sindano, chupa za maji zilizokatwa vitako, mkaa uliotwangwa, mchanga wa mtoni, amira, maputo na mafuta ya alizeti ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Watoto wamechuja maji ya bwawa mpaka yakaonekana meupe, ingawa mwalimu hakuwaruhusu kuyanywa. Wamefunga puto kwenye mdomo wa chupa yenye amira na sukari, wakaliona likivimba lenyewe. Wamekata mapangaboi kwenye chupa za plastiki, wakayatoboa kwa mwiba, na upepo wa Singida, ambao hauhitaji kubembelezwa, ukayazungusha mpaka mengine yakang'oka yakaenda na njia zake.

Wazazi waliposikia kwamba watoto wanakwenda shule Jumamosi kucheza na maji, baadhi walinung'unika. Jumamosi kuna kuni, kuna mbuzi, kuna alizeti ya kupukuchua. Asnath aliyajua hayo, na ndiyo maana alikuwa mwangalifu asimpe mtu sababu. Na sasa ana miaka hamsini na tisa. Mwakani anastaafu, na neno analoliombea ni moja tu, amalize salama.

Basi, Jumatano moja aliwatangazia watoto somo la yai. Kila mmoja aje na yai moja la kuku, litarudi nyumbani zima. Tena akaongeza neno ambalo kwake ni la kila siku, maana mama yake alikuwa mhudumu wa hospitali na alimlea kwa sabuni. "Na yaoshwe. Sitaki yai lenye uchafu juu ya meza yangu."

Jumamosi wakaja thelathini na sita, na mayai yao yamefungwa kwenye soksi, kwenye kofia, jingine ndani ya kikombe cha unga. Asnath akaweka beseni la maji. Mpango ulikuwa rahisi: kwanza watazame mayai yanavyozama katika maji matupu, kisha atie chumvi kijiko baada ya kijiko, wayaone yakipanda. Moja baada ya jingine wakayatumbukiza. Likazama la kwanza, la pili, la tano, la kumi. Ikafika zamu ya Eliana, mtoto wa miaka kumi anayelelewa na bibi yake. Yai lake lilikuwa limeoshwa likaoshwa, linang'aa kuliko yote.

Likaelea.

Watoto wakacheka. Asnath naye hakufikiri, alisema lile ambalo kila mama wa jikoni angelisema. "Hili ni viza. Mnaona? Yai likioza linaelea. Eliana, katupe shimoni, polepole lisipasuke likatukimbiza sote." Darasa zima likabana pua kabla hata ya harufu yoyote. Eliana akalitoa yai majini kwa mikono miwili, akatoka.

Wakaendelea na chumvi. Kijiko cha arobaini kilipoingia, mayai yakaanza kunyanyuka kutoka kitako cha beseni, na kelele zikawa nyingi kiasi kwamba mwalimu alichukua muda kugundua kuwa Eliana hajarudi. Akamwachia kiranja kijiko, akatoka kumtafuta.

Alimkuta nyuma ya jiko la shule, amechuchumaa, yai amelificha ndani ya sweta, juu ya tumbo. Alikuwa akilia bila sauti.

"Eliana, mwanangu, viza halina thamani ya machozi. Nitakupa jingine."

"Si viza, mwalimu." Mtoto akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Nimelitoa kwa kuku anayelalia. Nyumbani hapakuwa na jingine."

"Linalaliwa? Mbona halina alama?"

"Lilikuwa nayo. Ulisema tuoshe."

Huku kwetu hakuna mama anayelaza kuku bila kuyachora mayai mstari wa mkaa. Kuku wengine hawana adabu, huja kutagia kwenye kiota cha mwenzao, na bila mstari ule utajikuta una mayai ya siku ishirini na ya siku mbili chini ya kuku mmoja. Yenye mkaa hayaguswi. Yasiyo na mkaa huondolewa kila jioni. Asnath mwenyewe alikuwa amechora mayai tangu akiwa mdogo kuliko Eliana. Kama angeuona ule mstari, mdomo wake usingefunguka. Na mstari ulifutwa kwa sababu ya sabuni yake mwenyewe.

"Siku ya ngapi leo?"

"Ya kumi na tatu."

Akamshika mkono wakaingia stoo ya vitabu, chumba kisicho na dirisha. Akachukua boksi la chaki, akalitoboa tundu dogo kwa kalamu, akaingiza simu iliyowashwa tochi, akaliweka yai juu ya tundu. Yai likawaka rangi ya chungwa. Ndani yake mishipa myembamba ilikuwa imetambaa huku na huku, na upande mmoja palikuwa na doa jeusi. Wakatazama. Doa likashtuka, likatulia, likashtuka tena.

"Ni hai," Eliana akanong'ona.

"Ni hai," Asnath akasema, na hapo hofu ikamshika upya, maana kilichokufa hakikuhitaji lolote kwake, lakini hiki kilikuwa kinapoa.

Alilifunga yai kwenye kitambaa chake cha kichwa akampa Eliana alikumbatie. Palikuwa na njia nyepesi. Angeweza kumtuma mtoto akalirudishe kiotani kimyakimya, na darasani akasema limeshatupwa. Watoto thelathini na watano wasingejua, na wazazi wao wasingesikia kwamba mwalimu wa Jumamosi anatupisha vifaranga vya watu shimoni. Alisimama mlangoni mwa stoo akiwa na wazo hilo, na wazo likamjia na sura ya Peniel akikaa chini. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na yeye alikuwa ameuficha miaka ishirini na sita.

Akaingia darasani, Eliana nyuma yake.

"Sikilizeni. Nimesema yai hili ni viza. Nimekosea. Ni zima, na ndani yake kuna kifaranga anacheza. Sikuangalia vizuri, nikasema tu."

Naftali, mtoto wa dawati la mbele, akauliza kwa heshima zote, "Kwani mwalimu naye hukosea?"

"Nimekosea sasa hivi, umeniona."

"Sasa kama si bovu, mbona limeelea?"

Asnath alifungua mdomo kutafuta jibu lenye sura ya jibu, kama alivyofanya maisha yake yote. Hakulipata. "Sijui," akasema. "Tutatafuta." Akastaajabu kwamba paa halikuanguka.

Kabla ya kuondoka na Eliana kulirudisha yai kiotani, aliwaachia wengine kazi. Walikuwa na mizani ya fimbo na vifuniko viwili. Waliweka yai moja kati ya yale yaliyozama upande huu, na upande wa pili punje za mahindi mpaka fimbo ikalala sawa. Punje mia moja thelathini na moja. Wakaandika, wakaliweka yai kabatini kwa wiki nzima.

Bibi Anastasia, bibi yake Eliana, anakaa juu kidogo, karibu na mawe makubwa. Walimkuta anapepeta ulezi. Asnath akatoa shikamoo, akapokewa, akakaribishwa kigoda, akakataa kukaa mpaka aseme. Akasema yote, pamoja na habari ya sabuni. Bibi hakufoka. Aliweka ungo chini, akalichukua yai, akaligusisha kwenye kope zake kupima ubaridi, akaenda akaliingiza chini ya kuku bila kumwondoa. Aliporudi alikuwa na kipande cha mkaa. Akamtazama mjukuu wake, na maneno aliyomwambia kwa Kinyiramba yalikuwa machache lakini yalimtosha mtoto.

Kisha akamgeukia mwalimu. "Kuku huyu si wangu. Ni wa wifi yangu wa Misigiri, amenipa nimfugie, tugawane vifaranga. Mayai tulihesabu sote wawili, kumi na moja. Nikimwambia wametoka kumi, atasema moja nimekaanga. Wewe humjui wifi yangu."

"Nitamlipa kuku mzima, mama."

"Sitaki kuku. Mtoto huyu hajawahi kuchukua kitu ndani ya nyumba hii bila kuuliza. Amechukua kwa ajili ya mambo yako ya Jumamosi." Bibi akaokota ungo. "Yai hilo likitotoa, atarudi. Lisipototoa, Jumamosi atakuwa na mimi shambani. Siyo adhabu, mwalimu. Ni kwamba nitakuwa nimeona mambo hayo yanaleta nini."

Eliana alitazama chini. Asnath akakubali, akaaga.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Darasani Eliana alikuwepo kama kawaida, kimya, na kila asubuhi Asnath alimtazama usoni kutafuta habari na kukuta hakuna. Jumamosi ikafika, ndoo ikafunguliwa, nafasi ya Eliana ikawa tupu. Watoto wakatoa yai kabatini wakaliweka kwenye mizani yao. Fimbo ikainama upande wa mahindi. Wakatoa punje moja, ya pili, ya tatu, ya nne, ndipo fimbo ikalala sawa. Yai halikuwa limepasuka wala kuvuja, lakini lilikuwa limepungua. Wakashangaa sana, na mwalimu akawaeleza alichokikuta kitabuni usiku wa Alhamisi: ganda lina vitundu vidogo visivyoonekana, maji hutoka humo kama jasho na hewa huingia, na yai la siku nyingi huwa jepesi, liwe bovu au liwe na kifaranga anayekua. Lilikuwa jibu zuri. Asnath alilitoa akitazama pale palipokuwa patupu, na aliona uchungu wa kweli, kwa kuwa aliyelileta swali ndiye aliyelikosa jibu.

Jumapili ilikuwa siku ya ishirini na moja. Alitoka ibadani hakupitia nyumbani, akapanda moja kwa moja kwa Bibi Anastasia, Biblia ingali kwapani. Uani kuku alikuwa anachakura na vifaranga vinamzunguka miguuni. Asnath akavihesabu, vikamchanganya, akavihesabu tena.

"Ni kumi," Bibi akamwambia kutoka jikoni. "Wametoka tangu jana. Mama yao amechoka kungoja, ameshuka. Lako bado."

Eliana alikuwa amekaa kando ya kiota. Yai lilikuwa peke yake kwenye majani, na mstari wake wa mkaa ulikuwa mnene kuliko kawaida, mtu aliuchora kwa hasira au kwa matumaini. Asnath akatoa simu mfukoni.

"Weka simu yako," Bibi akasema.

Alikuja na bakuli la maji ya uvuguvugu. Akaingiza kiwiko ndani, kama anayepima maji ya kumwogesha mtoto mchanga, akaongeza kidogo ya baridi, akapima tena. Kisha akaliweka yai juu ya maji taratibu na kuondoa mkono.

Likaelea, kama lilivyoelea siku ile. Maji yakatulia. Wote watatu wakainama. Kitambo kikapita, na Asnath akaanza kuandaa maneno ya kumpa mtoto. Ndipo yai likatikisika. Hakuna aliyeligusa. Likatikisika tena, likajizungusha nusu, na viduara vidogo vikatoka pembeni yake vikasambaa mpaka kwenye ukingo wa bakuli.

"Linacheza," Eliana akasema.

Bibi akalitoa haraka, akalikausha kwa khanga yake. "Lililokufa linaelea tu. Lililo hai linaelea na kucheza. Mimi nilionyeshwa na bibi yangu, nikiwa kama huyu." Akalifunga kwenye kitambaa cha joto, akaliweka karibu na jiwe la jiko.

Asnath alikaa chini, pale pale vumbini na gauni lake la ibada. Miaka thelathini na saba ya chaki, na somo lilikuwa hapa, mwendo wa dakika ishirini kutoka shuleni, ndani ya bakuli la bati.

"Mama, siku ile mbona hukuniambia kuna kipimo hiki?"

"Siku ya kumi na tatu hakionyeshi, bado ni mchanga, angenyamaza tu." Bibi akachochea moto. "Halafu hukuniuliza."

Saa kumi jioni ganda lilitoboka. Kifaranga kilitoka kikiwa kimelowa na kibaya cha sura, kikalala kwanza kwa uchovu kama mtu aliyetoka safari. Bibi alikitazama vya kutosha. "Jumamosi utakwenda," akamwambia Eliana. "Lakini mayai ya masomo atatoa mwalimu mwenyewe." Kisha, baada ya kufikiri, "Na mimi nitakuja. Wataka kuwaonyesha bakuli, utawaonyeshaje wewe? Hujui joto lake."

Asnath alirudi nyumbani na furaha iliyomzuia kula. Lakini hakulala vizuri. Kulikuwa na jingine.

Siku ya Jumatatu, masomo yalipoisha, alifungua ndoo akatoa kile kitumbua cheusi, akakitia kwenye mkoba, akapanda basi la Kiomboi. Peniel alimwona kwa mbali, akaacha kukunja vitenge, akakunja goti. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Lete mkono." Akamwekea sumaku kiganjani. "Ukiwa la nne uliniuliza kama nimewahi kuishika. Nikakwambia nimeishika mara nyingi. Nilikuwa sijaishika, hata kuiona sijawahi. Nilikudanganya, nikakukalisha chini. Nisamehe."

Peniel alikitazama kile kitu kiganjani, halafu akamtazama mwalimu. Asnath alisubiri aambiwe kwamba ni mambo ya zamani, yamesahaulika. Peniel hakusema hivyo. "Niliona kama nimekutukana," akasema polepole. "Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama sitauliza tena."

Mteja alisimama kwenye meza, akagusa kitenge, akaona hashughulikiwi, akaendelea na safari yake. Peniel alikuwa ameisogeza sumaku kwenye mkasi wake. Mkasi uliruka ukagota. Akaubandua, akaachia, ukagota tena. Akajaribu kwenye pini, zikaja kundi zima. Kisha akaisogeza kwenye mkono wake wa kushoto, kwenye bangili ya shaba aliyoachiwa na mama yake. Hakikutokea kitu. Akageuza upande wa pili wa sumaku, akajaribu tena, amekunja uso.

"Mwalimu," akasema, "na hii bangili mbona haiitaki?"

Asnath akavuta kigoda akaketi.